Keki ya Sukari

Nilipokabidhi funguo za jiko mwezi uliopita, wenzangu mliobaki mliniomba daftari. Nimewaachia. Lina madoa ya siagi, na kurasa mbili zimeshikana kwa ute wa yai. Msihangaike kuzibandua, hazina kitu cha maana. Lakini Editha, aliyechukua nafasi yangu, aliniuliza jambo ambalo daftari halijibu. Kwa nini jikoni kwetu ni marufuku kuandika "keki ya sukari" kwenye mfuniko wowote, na kwa nini kila mgonjwa wa sukari anayefika mezani lazima aulizwe kama amekunywa dawa kabla hajakatiwa kipande? Nilimjibu kwamba ni habari ndefu. Sasa nimestaafu, muda ninao, na kosa lilikuwa langu, kwa hiyo naiandika mwenyewe kabla mtu mwingine hajaisimulia kwa kunihurumia.

Nilifika kituoni nikitokea Kamachumu, nina cheti cha sayansi kimu na viatu vipya vilivyonibana. Kituo ni hiki hiki mnachokijua, cha kuwafundisha akina mama mapishi ya nyumbani, ila siku hizo jiko lilikuwa banda la mabati nyuma ya ofisi. Chuoni nilizoea oveni ya umeme yenye namba. Bi Zuhura, mkuu wa jiko, alinitazama viatu kwanza, kisha akanionyesha oveni yangu: sufuria kubwa yenye mchanga chini, mfuniko bapa, na mkaa wa kupalia juu yake. Nikamuuliza nitajuaje kiwango cha joto. Akanyoosha mkono juu ya sufuria, akahesabu bila sauti, akautoa.

"Ukifika kumi na mkono bado upo, moto haujakolea," akasema. "Ukishindwa kufika tano, umezidi. Haya, weka wako."

Nilishindwa kufika tatu. Akasema ama moto umezidi, ama nimetoka chuoni.

Bi Zuhura alizaliwa hapa hapa Bukoba mjini. Baba yake alikuja kutoka pwani kushona nguo, akaoa Mhaya, hakurudi tena. Kwa hiyo alikuwa na Kiswahili cha baba na Kihaya cha mama, na alijua kipi atumie wapi: Kihaya cha kuwabembeleza wanafunzi, Kiswahili cha kuwagombeza walimu. Mimi ni Leokadia, lakini yeye alinikata jina siku ile ile nikawa Leo, na kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja hakuchoka na utani wake mmoja: "Leo, kesho uwahi."

Alinifundisha kupima unga kwa kopo la siagi la nusu kilo, kulijaza bila kulishindilia na kusawazisha juu kwa mgongo wa kisu. Alinifundisha pia kusikiliza keki. Keki mbichi inaongea, alisema, ina kisauti cha povu linalopasuka ndani. Ikinyamaza kabisa imeshakauka, kwa hiyo itoe ikiwa inanong'ona. Wiki nzima niliinamisha sikio juu ya sufuria nikiunguza nywele za mbele, nikidhani ananichezea, hadi siku moja nikasikia. Ninyi mnatumia kijiti. Sikatai, lakini kijiti kinakwambia keki ilivyo sasa, hakikwambii imebakiza muda gani.

Mwaka wangu wa pili sukari iliadimika madukani, na nikadhani tutafunga jiko. Bi Zuhura hakutikisika. Aliniketisha kwenye kigoda, akanitajia kitu kimoja kimoja cha keki na kuniuliza kinafanya kazi gani. Sukari, nikasema, inatia utamu. Na nini kingine? Sikujua. Akanieleza kuwa sukari inaifanya keki isikauke na inaipa rangi juu, siagi inailainisha, yai linaishika isimeguke. Ukijua kazi ya kitu, unaweza kutafuta kitu kingine cha kuifanya kazi hiyo. Hilo aliliita badala, na alilitamka neno hilo kama fundi anavyotaja nyundo. Usiulize kimekosekana nini, alisema, uliza kilikuwa kinafanya kazi gani. Kanuni hiyo nimeifundisha maisha yangu yote, na ndiyo hiyo hiyo ilikuja kututia matatani.

Kabla ya matata makubwa kulikuwa na matata madogo, na yalitokea Muleba, tena karibu na kwetu, jambo lililoniuma zaidi. Nilitumwa kufundisha kikundi cha akina mama kuoka keki kwa ndizi mbivu badala ya sukari. Kwa kuwa nilikuwa mwalimu kutoka mjini, nilizungumza Kiswahili cha kitabuni na kuwaambia waje kesho yake na ndizi mbivu, zile tamu kabisa. Walikuja nazo kwa vikapu. Mimi niko mezani napanga makopo, wao wamemenya na kuponda, rangi nzuri, harufu nzuri. Tukaoka keki sita. Kipande cha kwanza kilinikamata ulimi kwa ukakasi ambao sijawahi kuuonja katika chakula cha mtu. Wamama wote walikuwa wanatafuna polepole wakitazama chini kwa adabu.

Walileta embire, ndizi za pombe. Kiongozi wao, Ma Teddy, mama wa umri wa mama yangu, alinieleza kwa upole kwamba nilisema ndizi mbivu tamu, na ndizi gani mbivu inatoa juisi tamu kuliko embire? Alikuwa sahihi. Juisi ya embire ni tamu kweli, ila inakamuliwa kwa nyasi, na ukakasi unabaki kwenye makapi. Sisi tulikuwa tumeoka makapi. Mtoto wa Kamachumu, niliyekulia kwenye migomba, nilishindwa kutamka kwa Kihaya jina la ndizi ninayoitaka kwa sababu nilitaka kuonekana msomi.

Niliporudi mjini na kipande kwenye karatasi, Bi Zuhura alikionja, akakitema, halafu akaniamuru nikimalize mbele yake. Nilipomeza tonge la mwisho akasema nilipima kila kitu isipokuwa neno. Nikacheka. Nilidhani nimeshajifunza somo hilo, na nilijidanganya.

Miaka ikaenda. Madukani sukari ikarudi, ikajaa, na sababu ya wanawake kutufuata ikageuka. Mwanzoni walikuja kwa kuwa hawana. Baadaye walikuja kwa kuwa wanayo, na mtu wa kliniki amewaambia wapunguze. Huyu ana presha, yule ana sukari, mwingine mume wake anatoka Nshambya hadi sokoni akipumzika mara tatu. Hawakutaka kuacha keki, maana siku hizi ubarikio na sendoff bila keki havijakamilika, na walikuwa wanaona aibu kukaa mezani na mikono mapajani. Bi Zuhura akasema kazi ni ile ile, tumebadilisha mlango tu wa kuingilia.

Katika miaka hiyo tulijaza sehemu kubwa ya daftari. Mnalo, lakini nisisitize machache ambayo vijana mnayaruka. Unga wa ulezi usizidi theluthi moja, kwa sababu ulezi haushikani, na ukiuzidisha utakula keki kwa kijiko. Ukishachanganya, liache rojo lipumzike hadi ulezi unywe maji, ndipo utie beking pauda, la sivyo utakuwa unatafuna mchanga wa ziwani. Mtindi unaweza kuchukua nusu ya kazi ya siagi. Maharage yaliyoiva sana na kuchujwa maganda yanaweza pia, na hakuna atakayejua usipomwambia, ila mwambie, wako watu tumbo lao halitaki. Ndizi inaunguza juu mapema, kwa hiyo punguza mkaa wa mfunikoni ukiona rangi. Vanila ya hapa hapa Kagera na mdalasini uliotwangwa siku hiyo hiyo vinaudanganya ulimi uone utamu ambao haupo. Mdalasini tulikuwa tunauchukua kwa mzee mmoja wa Kihindi, kati ya wachache waliobaki na maduka yao mjini, ambaye alikataa katakata kutuuzia uliosagwa. Alisema uliosagwa ni wa watu wasio na pua.

Parachichi nalo ni zuri badala ya siagi, lakini keki inatoka na ukijani. Mara ya kwanza tuliipeleka kwenye kikao cha wakubwa na hakuna aliyeigusa, isipokuwa dereva. Na kuna mgeni mmoja alipendekeza tusage senene tutie ndani kwa ajili ya lishe. Nilimwambia senene hawahitaji msaada wa keki.

Bi Zuhura alistaafu, nikashika jiko. Alihamia kwa binti yake, mtaa wa Buhembe, akalima mchicha nyuma ya nyumba, na mimi nikawa nampelekea kila kipya nilichooka ili akikosoe. Siku moja nilimkuta na pakiti mbili za vidonge juu ya kabati. Akanionyesha kwa kidole: hii ya presha, hii ya sukari. Ya presha hakuwa na neno nayo. Ya sukari ilikuwa inamvuruga tumbo, inamtia kichefuchefu, inamharibia hata hamu ya chai, na chai kwa Bi Zuhura haikuwa jambo dogo. Alinieleza hayo kwa kulalamika kama anavyolalamika kila mtu, na mimi nikamsikiliza kama tunavyowasikiliza wazee, nusu sikio.

Nusu ya pili ilikuwa tayari jikoni. Niliondoka nimeapa kumwokea keki ambayo ataila bila woga. Ilinichukua wiki nyingi. Sukari sikutia hata chembe, siagi nikaitoa nikaweka mtindi, unga theluthi moja ulezi, ndizi mbivu za kupikia zilizogeuka nyeusi maganda, karanga za kuponda, vanila, mdalasini. Ilipotoka laini, yenye rangi ya kahawia, nilijua ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya. Nilijivuna, siwezi kuficha. Nilitaka mwalimu wangu aone kwamba ile kanuni yake ya badala nimeielewa hadi mwisho.

Siku hiyo jikoni kulikuwa na keki mbili zinazofanana, ile ya kawaida ya darasa na ile ya Bi Zuhura. Ili zisichanganywe nikabandika karatasi juu ya kopo lake: KEKI YA SUKARI. Mwanafunzi mmoja akauliza mbona naandika ya sukari na haina sukari. Tukacheka jiko zima. Nikamweleza kwamba ni ya wenye sukari, kama tunavyosema dawa ya sukari. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, na halikunigonga.

Nilimkabidhi kopo Buhembe asubuhi. Akaonja, akafumba macho. Kisha akauliza hii ndiyo ya sukari? Nikamwambia ndiyo, Bi Zuhura, hii ndiyo ya sukari, kula bila wasiwasi. Akalichukua kopo akaliweka juu ya kabati, pale pale penye pakiti za vidonge. Niliona. Nikafurahi kwamba amelipa mahali pa heshima.

Kila Jumamosi nikawa namtuma mtu na kopo jipya, na kopo la zamani linarudi limeoshwa. Yalikuwa yanaisha haraka, jambo nililolichukulia kama sifa. Mimi mwenyewe sikwenda, tulikuwa na semina Muleba mfululizo. Wiki zikageuka miezi. Binti yake aliponipigia simu, alisema mama amechoka sana, anakunywa maji usiku na mchana, macho yanaona ukungu, na ana kidonda cha kidole cha mguu ambacho hakifungi. Aliniomba nifike hospitali kwa sababu mama amenitaja.

Niliwakuta mapokezi. Bi Zuhura alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, amejifunga khanga yake vizuri, mdomo umemkauka. Nesi alikuwa ameshampima na alikuwa anaandika, uso wake hauna masihara.

"Dawa ya sukari unatumia, bibi?"

"Natumia."

"Mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni, na chai."

"Unameza vidonge kwa chai?"

"Vidonge niliviacha, vinanivuruga tumbo. Natumia ile ya Leokadia."

Nesi akainua macho kumtafuta Leokadia, daktari gani huyo. Bi Zuhura akaninyooshea kidole kwa fahari, mbele ya watu wote waliokuwa kwenye benchi. Natamani ningesema ardhi ilipasuka, lakini haikupasuka. Nilibaki nimesimama na chupa ya uji mkononi. Ilibidi nimweleze nesi kwamba ile ya Leokadia ni keki. Akauliza ina nini ndani. Nilipotaja ndizi mbivu akaweka kalamu chini.

"Ndizi mbivu haina sukari?"

Ina sukari yake, nilijua hivyo siku zote, hata darasani nilikuwa nalisema, kwa sauti ndogo, mwishoni, watu wakiwa wanafunga vikapu. Kipande kidogo mara moja moja, mtu akiwa kwenye dawa, ndivyo nilivyokusudia. Yeye alikula kopo zima kila wiki bila dawa, kwa maagizo yangu.

Walimlaza. Kidole walikikata. Kwa siku mbili za mwanzo hatukujua kama atatoka, na siku hizo mbili sitazisimulia, ila niseme kwamba niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kwa ajili ya mzazi wangu mwenyewe. Siku ya tatu alifumbua macho, akadai chai. Nikalia pale kitandani mbele ya binti yake. Akangoja nimalize, kisha akaniuliza swali ambalo sijalisahau.

"Si ulisema badala?"

Hakuniuliza kwa hasira. Alitaka kuelewa. Ilikuwa ni hesabu yake mwenyewe aliyonifundisha kwenye kigoda: kidonge kinafanya kazi gani? Ya sukari. Keki hii ni ya nini? Ya sukari. Kidonge kinamsumbua, keki haimsumbui. Mwanafunzi wake bora, msomi, ameandika kwa herufi kubwa na kusema ale bila wasiwasi. Mpishi yeyote mwenye akili angefikia hapo alipofikia yeye. Ma Teddy naye alifikia kwenye embire kwa njia hiyo hiyo, kwa sababu yangu hiyo hiyo.

Aliporudi nyumbani niliandika barua ya kuacha kazi. Sikuitoa kwanza, niliipeleka Buhembe aisome, nadhani nilitaka anipe ruhusa. Aliisoma kwa shida kwa sababu ya macho, akaikunja, akaiweka chini ya sahani ya kikombe. Akaniambia nikalete daftari.

Nilipolileta aliniketisha chini, mguu wake wenye bandeji uko juu ya stuli usawa wa uso wangu, akanitaka nisome pishi moja baada ya jingine kwa sauti. Kila nilipofika kwenye badala alinisimamisha. Hii ni badala ya nini? Andika. Na si badala ya nini? Andika. Ndiyo maana daftari lina maandishi ya wino mwekundu pembeni, Editha, uliyoniulizia pia. Ndizi, badala ya sukari ya dukani. Si ruhusa ya kula nyingi. Mtindi, badala ya siagi. Si badala ya kupunguza kipande. Tulimaliza siku ya tatu. Kwenye ukurasa wa keki yake alininyang'anya kalamu akaandika mwenyewe, herufi zinapanda na kushuka: Si dawa.

Nikamuuliza basi tuiitaje. Akasema iite keki, ni keki.

Aliporuhusiwa kutembea aliomba gari la kituo limpeleke Muleba, kwenye kikundi kile kile. Alikaa mbele ya wanawake, akavua kandambili, akawaonyesha mguu. Nilitegemea atasema mwalimu wenu alikosea, na nilikuwa tayari. Hakunitaja. Aliwaeleza kwa Kihaya kwamba yeye, Zuhura, mpishi mzee wa Bukoba, alitafuta badala ya kitu kisichokuwa kwenye sufuria. Halafu akakata keki. Kila aliyenyoosha mkono alimuuliza kwanza kama ana presha au sukari, na aliyekubali alimuuliza, "Dawa umekunywa leo?" Aliyesema bado hakunyimwa, aliambiwa kipande chake kitamngoja. Wanawake watatu waliinuka wakaenda nyumbani kwao kunywa dawa, wakarudi. Ma Teddy alikuwa mmoja wao. Nilikuwa sijui hata kama anaumwa.

Hapo ndipo swali lilipoanzia. Na Bi Zuhura alikunywa vidonge vyake. Daktari alimpangia avinywe katikati ya chakula, na tumbo likazoea. Aliishi miaka mingi baada ya hapo akikosoa keki zangu, kipande kimoja kwa mara moja, na alikufa kwa uzee, nyumbani, baada ya chai. Barua yangu binti yake aliikuta bado imekunjwa kabatini.

Ningeweza kuishia hapo, na rasimu ya kwanza iliishia hapo. Lakini nimesema naandika mwenyewe ili nisihurumiwe.

Wiki mbili kabla ya kustaafu nilipima afya, kama tunavyotakiwa, nikaambiwa nina sukari. Nikapewa pakiti. Sikumwambia mtu. Nilijiambia mimi ni mwalimu wa haya mambo, naujua ulezi, naujua mtindi, nitajirekebisha kwa chakula kwanza, vidonge baadaye. Nikaviweka kwenye droo chini ya vitambaa. Kwa mgonjwa mwingine ningesema maneno makali.

Siku ya kuniaga mlipika vizuri. Editha alioka keki ya Bi Zuhura kwa kufuata daftari, wino mweusi na mwekundu, na niliisikia ikinong'ona nikajua ameitoa wakati wake. Nilipofika mezani alikata kipande, akakiweka kwenye sahani, na kabla hajanipa akaishikilia.

"Ma Leokadia, samahani, lazima nikuulize kama wengine. Una presha au sukari?"

Wote mlikuwa mnacheka, mkadhani ni utani wa kuagana. Nilikuwa na jibu rahisi mdomoni. Sijui ni kwa nini nilisema kweli.

"Sukari."

Kicheko kikakatika. Editha hakutikisika, na kwa hilo namsifu.

"Dawa umekunywa leo?"

Aliposema leo nilisikia jina langu, kwa sauti ya yule aliyenikata jina siku ya kwanza. Nikasema bado. Editha akaifunika sahani kwa kitambaa, akasema itaningoja.

Mliniona nikitoka na mkadhani nimekasirika. Nilikuwa napanda kwenda nyumbani Nshambya, kwa viatu vinavyonibana, kufungua droo.